Deni dogo kwanza, au lenye riba kali?

Programu ya kubeti umeshaifuta, mfukoni umekauka, na madeni ni matatu: la rafiki lisilo na riba, la mkopo wa simu, na la benki. Kila mwezi unabakiwa na vijihela. Unaanza na lipi?

Wengi huanza na dogo kuliko yote, wakilimaliza wanahamia linalofuata. Raha yake inaonekana upesi: jina moja limekatwa kwenye daftari, simu za kudaiwa zimepungua. Ila kwa mtu aliyetoka kwenye kamari, mimi naiogopa kidogo. Hisia ileile ya "nimeshinda" ndiyo iliyomfikisha hapa, na akibakiwa na salio siku hiyo, vidole vinawasha.

Njia nyingine ni kulikabili lenye riba kali, hata kama ni kubwa. Piga hesabu: deni la 100 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikizaa riba, baada ya miezi 12 linakaribia 314. Lingekuwa la asilimia 2, lingefika kama 127 tu. Ubaya wake ni uchovu. Miezi inapita na orodha bado ina majina matatu.

Mimi ningechukua hii ya pili. Rafiki ningempigia leo hii nimwambie atalipwa lini, kabla hajasikia mengine kwa watu. Na hela ikiingia asubuhi, deni lilipwe asubuhi hiyohiyo, usisubiri usiku mechi zianze.