Nimetumia daktari wa akili wa mtandaoni, huduma mbili tofauti, haya ndo niliyoyaona

Naanza na hukumu ili asiyetaka kusoma gazeti lote aondoke na kitu. Daktari wa akili wa mtandaoni anafaa, tena kwa watu wengi wenye sonona, wasiwasi au usingizi uliovurugika anafaa sana, ila apu nzuri na daktari mzuri ni vitu viwili. Mimi sasa hivi naangalia mambo mawili tu: naulizwa nini kabla ya kuandikiwa dawa, na nani ananitafuta baada ya kuandikiwa. Zile rangi za kutuliza na picha za watu wanatabasamu dirishani ni mapambo.

Nimetumia huduma mbili, majina sitaji. Moja naiita ya haraka, nyingine ya taratibu, na tofauti yao ndo hiyo hiyo.

Ya haraka unajisajili chap, unaweka kadi, unajaza fomu. Ukiijua ile fomu unaitambua hapo hapo, ni PHQ-9, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, umekosa raha mara ngapi, umelalaje, umekulaje, kila swali unajipa 0 mpaka 3, jumla kubwa kabisa ni 27 na kuanzia 10 kwenda juu ndo wanasema huyu aangaliwe vizuri. Fomu yenyewe haina tatizo, inatumika sehemu nyingi duniani na ni ya bure, lakini imetungwa kuchuja, yaani kusema huyu aonwe, kazi ya kumwona inabaki pale pale. Alama haijui kama umefiwa mwezi uliopita, haijui kama una mtoto mchanga hulali, haijui kama thairoidi, ile tezi ya shingoni, imezembea au damu imepungua, na vyote hivyo vinaweza kukupa alama ile ile ya mwenye sonona. Sasa hawa wa haraka wanachukua alama wanakuunganisha na mtu kwenye vidio, anakusomea alama zako mwenyewe, anauliza unaendeleaje, anaandika dawa, kwaheri.

Kilichonishangaza zaidi ni swali la tisa. Lile linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujiumiza, na mimi niliweka 1, yaani siku kadhaa. Yule bwana alipita juu yake kama hajaliona. Baadaye apu ikanitumia meseji iliyojiandika yenyewe, "usikate tamaa, piga namba hii ya dharura", namba yenyewe ya nchi nisiyoishi. Jamani. Kama unataka kuipima huduma kwa kitu kimoja tu, ipime hapo, ukijibu swali lile kwa chochote zaidi ya sifuri lazima binadamu akuulize: mawazo yanakujaje, yanakaa muda gani, una mpango wowote, kuna kitu nyumbani cha kujidhuru nacho? Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo kichwani, hilo limeshachunguzwa, na ukweli wengi tunapumua tukiulizwa.

Sasa ya taratibu. Swali la kwanza la daktari wake halikuwa la ugonjwa kabisa, aliniuliza, "Uko wapi sasa hivi, na ukikatika hewani nimpigie nani?" Mwanzoni nikaona huyu mbona kama polisi, kumbe ndo inavyotakiwa, maana daktari akiwa mbali na wewe ukizidiwa katikati ya maongezi lazima ajue gari la wagonjwa litumwe wapi. Halafu akauliza kama niko peke yangu chumbani, akasema ukisikia mtu amekaribia mlango we sema tu mtandao unasumbua, nitaelewa, nitakuuliza maswali ya ndio na hapana. Kitu kidogo, ila wanaoishi na watu wanajua uzito wake.

Namba yake ya usajili ilikuwa kwenye ukurasa wake, nikaingia kwenye daftari la baraza la madaktari nikaikuta, jina ni lile lile, leseni hai. Fanyeni hivyo, haichukui muda. Na angalieni leseni ni ya wapi, kwa sababu sehemu nyingi sheria inaangalia alipo mgonjwa, daktari anaweza kuwa bingwa kwao na kwako haruhusiwi kukutibu. Kingine, kwenye hizi apu "mtaalamu" ni neno pana mno. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha wanafanya kazi kubwa ya maongezi, ila sehemu nyingi hawaruhusiwi kuandika dawa, daktari wa akili ni tabibu aliyesomea udaktari kwanza. Uliza kabla hujalipa utakayeonana naye ni nani.

Swali lililonifanya nimwamini ni hili: umewahi kuwa na kipindi ulale kidogo sana na usichoke, mawazo yanakimbia, unaongea sana, unatumia hela hovyo, watu wakasema huyu leo ana nini? Alikuwa anatafuta baipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu sana na kushuka chini sana kwa vipindi. Mwenye baipola mara nyingi anatafuta msaada akiwa chini, sio akiwa juu, kwa hiyo usipomuuliza anafanana kabisa na mwenye sonona ya kawaida, na ukimpa dawa za sonona peke yake kuna wanaorushwa juu kwenye mania, yaani kile kipindi cha kuchangamka kupita kiasi. Yule wa haraka hili hakuligusa kabisa. Huyu akaenda mbele, kwenye ukoo kuna nani aliyewahi kuugua, pombe kiasi gani, na dawa zote ninazomeza hata za mitishamba, akataka nizisogeze kwenye kamera asome mwenyewe. Na ana sababu, mfano ule mmea wanaouita St John's wort unauzwa kama kitu cha asili kisicho na neno, ukiuchanganya na dawa za sonona kama setralini unaweza kupata matatizo makubwa ya serotonini, kemikali ya ubongo, ikizidi mwilini. Mwisho wa kikao hakuandika dawa, alinituma maabara kwanza, damu na thairoidi. Nilinuna kidogo, nilitaka niondoke na kitu mkononi.

Dawa ya sonona ilipokuja ilikuja na maelezo. Kwamba inaweza kuchukua wiki 4 mpaka 6 kuona nafuu ya kueleweka, kwamba siku za mwanzo kichefuchefu na kutotulia ni kawaida ila nikiona nazidi kuwa mbaya nipige hapo hapo nisisubiri miadi, kwamba nisiache ghafla hata nikijisikia poa. Wenye vijana wasikilize hapa: Marekani pakiti za dawa hizi zina onyo kali tangu 2004 kwamba kwa watoto zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, 2007 wakalipanua mpaka umri wa miaka 24, hasa mwanzo wa matibabu. Haina maana kijana asipewe. Maana yake afuatiliwe kwa karibu, na hapo ndo huduma isiyokupigia tena inakuwa hatari.

Kasoro za ya taratibu zipo. Miadi ya kwanza inangojwa mpaka unachoka, vidio inakwama pale pale unapoanza kulia, na ukituma meseji jioni jibu ni kesho. Pia kamera haioni kila kitu, haipimi presha, haipimi uzito, mikono ikitetemeka chini ya meza haijui. Kuna dawa ambazo kwa kweli haziendi bila maabara, lithiamu, ya baipola, lazima kiwango chake kwenye damu kipimwe na figo na thairoidi ziangaliwe, klozapini, ya skizofrenia, inataka seli nyeupe za damu zifuatiliwe. Huduma inayokupa hizo bila kukuuliza utapimia wapi, kimbia.

Na kimbia pia ile inayotangaza dawa badala ya daktari. Tangazo likisema jibu maswali machache upate dawa ya ADHD, yaani ule ugonjwa wa kushindwa kutulia na kuzingatia, jiulize kama kuna siku wanasema hapana. Marekani kuna kampuni inaitwa Done, Juni 2024 mwanzilishi wake na daktari wake mkuu walikamatwa, serikali ikawashtaki kwa kusambaza dawa za ADHD, zile za kuchangamsha ubongo, kupitia mtandao bila sababu halali za kitabibu, vidonge zaidi ya milioni 40. ADHD ni ugonjwa wa kweli na dawa zake zinasaidia watu, ila kuupima vizuri kunataka historia ya utotoni na muda wa kutosha.

Siri nayo. Watu wanadhani kwa kuwa ni hospitali basi maneno yao yanalindwa kihospitali. BetterHelp, hawa ni wa ushauri nasaha sio wa dawa, mwaka 2023 walibanwa na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kulipa dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za watumiaji kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi siri. Mwaka huo huo Cerebral, kampuni nyingine ya matibabu ya akili mtandaoni, wakawaandikia watu zaidi ya milioni 3.1 kwamba vifuatiliaji vya matangazo kwenye tovuti na apu yao vilikuwa vinavujisha taarifa zao. Kwa hiyo mimi nafungua akaunti na imeili ya pembeni, vidakuzi (cookies, vile vifaili vya kukufuatilia) nakataa vyote, na fomu ikitaka nijaze dalili zangu kabla hata haijaniambia daktari ni nani, nafunga.

Kama unasikia sauti wengine hawazisikii, au hujalala siku kadhaa na unajiona unaweza kila kitu, au una mpango wa kujidhuru, usianze kutafuta apu, nenda hospitali ukaonwe leo, mwambie mtu akusindikize.

Nyota: ya haraka mbili, moja ya kujisajili kirahisi na moja kwa sababu walirudisha hela nilipolalamika. Ya taratibu nne, ya tano nimeizuia kwa ajili ya zile meseji zinazojibiwa kesho yake. Na kabla hujafunga akaunti popote pale omba kwanza nakala ya faili lako, dawa, dozi na majibu ya maabara, maana ya haraka nilipofuta akaunti ilifuta na njia ya kuliomba, na daktari mpya ikabidi anianze upya.