Mfuko wa Karatasi au wa Kitambaa kwa Mashine ya Kufyonza Vumbi

Katika nyumba za Kampala zilizo kando ya barabara za udongo, vumbi jekundu ni laini kiasi kwamba huziba vitundu vya mfuko wa karatasi kabla haujajaa, na ndiyo maana mashine hupungukiwa na nguvu ilhali mfuko ungali mwepesi. Hata hivyo, mfuko huo hutupwa pamoja na uchafu wake, nafuu kubwa kwa mwenye pumu. Wa kitambaa hutumika tena na tena, lakini kuukung'uta, hata uani na kwa kuupa upepo kisogo, hurudisha vumbi hewani. Ukifuliwa, sharti ukauke kabisa. Kwangu karatasi inashinda, mradi kadi ya mdomo wake, yaani kipande cha karatasi ngumu kinachoushikiza mfuko ndani ya mashine, ilingane na modeli ya mashine, na mfuko ubadilishwe ukijaa robo tatu.