Alizeti ya Singida au mawese ya ng'ambo?

Soko la Majengo, Dodoma, swali hili la mafuta ya kupikia haliishi. Mawese ya Indonesia na Malaysia mara nyingi ni nafuu, lakini njia yake ni ndefu. Aprili 2022 Indonesia ilizuia kuyauza nje kwa wiki kadhaa, huku vita vya Ukraine vimeshabana alizeti ya Bahari Nyeusi. Mpishi wa Dodoma hana la kufanya hapo.

Alizeti yetu haingoji meli, inangoja mvua. Ikikatika mapema, mashine hukosa mbegu. Utunzaji? Iliyokamuliwa mtaani iweke gizani, machicha yatuame.

Mama lishe anayenunua kidogokidogo afuate bei ya siku. Mwenye akiba ajaze madumu baada ya mavuno. Mimi hufanya hivyo.