Otopailoti ya umeme au mpira wa bodaboda? Tumejaribu Mikindani

Haya ndugu zangu, tupo ndani ya ghuba ya Mikindani, kusi linapiga ubavuni, safi kabisa. Tazameni mikono yangu. Yote miwili hii hapa juu. Na kana, huu mti wa kugeuzia usukani wa mashua, inacheza yenyewe!

Mlioomba nichambue otopailoti ya umeme, kifaa cha kuongoza chombo bila mtu kushika, ile yenye mkono wa kusukuma na kuvuta kana, ninayo hapa, nimeizima. Volti 12, dira iko ndani, hayo mnayajua. Kinachoniudhi ni kwamba inajua dira tu. Upepo ukihama haina habari, inang'ang'ania njia ileile mpaka tanga linaanza kupigapiga. Na bei, jamani! Bado hujanunua betri, hujanunua sola.

Sasa leta kamera huku, karibu zaidi. Mnaiona demani, hii kamba ya kukazia na kulegezea tanga? Nimefunga kikamba chembamba juu yake. Kinapita kwenye kapi hili, kigurudumu cha kupitishia kamba, upande upepo unakotoka, kinakuja kushika kana. Upande wa pili nimefunga mpira, uleule wa kufungia mzigo kwenye bodaboda, haufiki elfu tano. Kwisha.

Subirini upepo uzidi... Huo! Demani imekaza, kikamba kinavuta kana kuja upande wa upepo, omo, yaani pua ya chombo, inashuka kidogo, inaukimbia upepo. Sasa umepungua, tazameni mpira: unairudisha kana taratibu, omo inapanda, inaelekea upepo unakotoka. Tena! Mnaona? Chombo kinaufuata upepo wenyewe, hakifuati namba. Omo ikizidi kupanda, legeza mpira kidogo. Ikizidi kushuka, ukaze. Kidogokidogo, halafu kipe chombo nafasi kitulie kabla hujagusa tena. Hiki kitu nakipenda, sifichi.

Kuna wanaoniuliza lile bango la upepo linalofungwa tezini, nyuma ya chombo, upepo ukiligeuza linaongoza usukani. Zuri sana, baharia Mwingereza Blondie Hasler alivuka Atlantiki nalo mwaka 1960 kwenye mashindano ya mabaharia wa peke yao. Lakini kwa mashua ndogo kama hii ni chuma kingi mno kubeba nyuma.

Ila nisiwe mchoyo. Upepo ukitoka nyuma, demani haitofautiani sana mvuto, mpira unababaika. Hapo otopailoti inashinda, na ukiwasha mashine pia inashinda. Anayekwenda mbali kwa mashine, hela yake haipotei. Mvuvi wa tanga wa hapa kwetu, anunue kapi.

Na hili nawaomba kwa dhati: ukifunga hivi ukiwa peke yako, jifunge kamba kiunoni. Chombo kinachojiongoza ukidondoka kinaendelea na safari, na hutakiwahi kwa kuogelea.

Video ijayo tunatoka nje ya Msanga Mkuu kwenye mawimbi, tuone mpira unahimili vipi. Kuanzia sasa video zitatoka Ijumaa jioni, bonyezeni kengele. Na walioko Kilwa, niandikieni hapo chini kapi linauzwaje huko, maana hapa Mtwara limepanda.