u-blox NEO-M8T: kipokezi cha GPS kwa seva ya muda nyumbani
Kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, nyaya tano zinatosha: umeme, graundi, TX (kutuma data), RX (kupokea data) na PPS, yaani mpigo wa kila sekunde. Huo wa mwisho usiuruke. Ujumbe wa NMEA, yaani maandishi ya saa na mahali yanayotumwa na kipokezi, peke yake huchelewa, tena kwa kiasi kinachoyumba, kwa hiyo unakuambia ni sekunde ipi tu. PPS ndiyo inayosema imeanza lini hasa. Ipeleke kwenye pini ya GPIO 18 ya Pi, andika dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18 kwenye config.txt (faili la mipangilio ya Pi), kisha iongeze /dev/pps0 katika chrony, programu ya kusawazisha saa.

Ubora wa kipokezi hiki: kikishapima mahali antena ilipo, setilaiti moja yatosha kutunza muda. Ukiisogeza antena, pima upya. Chini ya paa la chuma, usitarajie kitu.