Boila la hii seti ya gemu limenichefua, ila subirini nimalize

Jamani, hii seti ya kujitungia gemu ya kuigiza ya mezani, ile inayochanganya uchawi na mashine za enzi za viwanda, niliinunua kwa sababu moja tu, boila, lile tangi la chuma linalochemsha maji yatoe mvuke wa kuendesha injini. Nilitaka mazimwi na garimoshi viwe kwenye ulimwengu mmoja, na fundi mitambo aheshimike kama mchawi. Sasa sikia walichofanya. Kila zamu injini ikiwa imewashwa unarusha dadu ya pande 20, ikija 1 boila linalipuka, fundi kafa, basi. Hakuna habari ya maji kupungua, hakuna vali ya usalama ya kutoa mvuke presha ikizidi, hakuna aliyezidisha makaa. Yaani asilimia 5 kila mrusho, ukirusha mara 20 uwezekano wa kulipuka angalau mara moja unafika kama asilimia 64! Nani atapanda treni ya hivyo? Mwenzetu mmoja alimjenga mhusika wake, fundi, muda mrefu, ana historia, ana madeni, ana mdogo wake anayemtafuta, akarusha 1 treni ikiwa imesimama stesheni. Imesimama! Akafunga daftari, hakusema neno mpaka tunaachana.

Boila halilipuki hivihivi bwana. Maji yakishuka chuma kinapata moto kupita kiasi, kinalegea, presha inakishinda. Na vali ya usalama ilikuwepo tangu karne ya 17, kabla hata Newcomen, yule fundi Mwingereza, hajawasha injini yake ya mvuke ya kutoa maji mgodini mwaka 1712. Hapo ndo penye utamu wenyewe, mshale wa presha unapanda, zimwi liko nyuma yenu, je unaongeza makaa au unafungua vali? Mchezaji akifa afe kwa uamuzi wake. Kinachoniudhi zaidi, uchawi wao ndo haukosei kamwe, unalipa pointi unapewa moto wako kama uko dukani. Yaani mashine ndo ina kisirani na uchawi ndo una utaratibu!

Nikawaandikia waliotunga, kwa heshima kabisa, nikaeleza yote haya. Jibu likaja mstari mmoja, eti "hii ni fantasia, sio darasa la fizikia". Nilikasirika sana aisee. Mtu amelipa hela yake, amekaa kukufikiria kazi yako, unamjibu hivyo?

Nilishaandaa nyota moja. Lakini sura ya miji, lazima niseme, ni nzuri mno. Kuna chama cha wachawi wanaowasha taa za barabarani, halafu gesi inaingia mjini na kazi yao inakwisha, wengine wanaenda kuvunja mabomba usiku, wengine wanaomba ajira kiwandani kwa siri. Kikundi chetu kimekwama humo na hakuna anayetaka kutoka. Sheria ya boila tumeitupa tukaweka yetu, visanduku vya presha, ukiongeza makaa unapaka kimoja, ukifungua vali unafuta viwili ila mwendo unapungua, na dadu hairushwi mpaka vijae vyote. Inafanya kazi vizuri sana.

Haya, nyota tatu. Hapana, nikikumbuka lile jibu ni mbili, na zote mbili ni za sura ya miji.