Likizo ya Aprili na watoto: Diani au Naivasha?

Aprili ni masika, kwa hiyo pima mvua kabla ya bei. Diani bahari huanza kuchafuka na mwani kujaa ufukweni. Watoto wadogo wala hawajali: maji yakitoka, wanashinda wakisaka kaa na viti vya pweza kwenye madimbwi ya mwambani, huku mbega wakiruka mitini. Kutoka Nairobi panda treni ya SGR hadi Miritini, kituo cha Mombasa, kisha shika barabara ya Dongo Kundu. Foleni ya feri ya Likoni huioni. Ila siku nzima imeisha.

Naivasha ni kama kilomita 90 tu. Kwenye mbuga ya Hell's Gate mnaendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga, jambo ambalo mbuga nyingi haziruhusu. Korongoni msiingie mvua ikitisha. Mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watalii humo. Usiku kuna baridi, na viboko hutoka ziwani kula nyasi, basi watoto wasizurure.

Pasaka bei hupanda kote. Mwenye watoto wa chekechea ningempeleka Diani. Wanaomudu baiskeli, Naivasha, na sweta wabebe.